Si kila mlio ni beringi

Katika uchimbaji wa chini ya ardhi kuna kazi moja ya kale inayotangulia nyingine zote. Mchimbaji hushika mtaimbo, akaigonga dari ya mwamba iliyo juu ya kichwa chake, akasikiliza. Mwamba ulioshikana hujibu kwa mlio mkali kama wa kengele. Mwamba ulioachia hujibu kwa mlio wa debe tupu, na hapo hapiti mtu mpaka kipande kile kiangushwe. Baruti haitegwi kabla mwamba haujaulizwa na kujibu. Ukanda wa dhahabu unaoanzia Kahama na Msalala mkoani Shinyanga na kupanda hadi Mbogwe, Nyang'hwale na Geita umejengwa na watu wanaojua kwamba sauti ni habari. Mwenye karasha wa Nyarugusu au Katoro hutambua kwa sikio kuwa mashine yake imeanza kuchoka, siku kadhaa kabla haijasimama. Lakini gari likianza kulia mguu wa mbele, usikivu huo huachwa mgodini, na kubahatisha kukashika nafasi yake.

Mwendo wa mambo unajulikana. IST, Noah au Probox ya abiria, zile zinazoitwa michomoko, inaingia gereji. Dereva anasema, "Fundi, gari linalia mbele." Fundi anauliza upande gani, anatikisa tairi mara mbili, kisha anatoa hukumu: "Beringi hiyo, kaka." Bodaboda inatumwa duka la spea, tairi linafunguliwa, nyundo inafanya kazi yake. Jioni gari linatoka, na kabla halijafika kituo cha mafuta mlio uko palepale. Basi itakuwa shafti. Shafti ikibadilishwa na mlio ukabaki, itakuwa stabilaiza linki. Njia hii tuiite badilisha tujue: kila spea inafungwa kama swali, na kila swali linalipiwa bei ya jibu.

Hoja yangu ni kwamba tatizo hili halianzii kwenye uwezo wa mafundi wetu. Linaanzia kwenye namna tunavyowalipa. Tunalipa kwa kufunga spea. Kwa kutafuta ugonjwa hatulipi. Nusu saa ya kuinua gari, kuzungusha tairi, kusikiliza na kulinganisha tunaihesabu kuwa maongezi yanayotangulia kazi, na kazi yenyewe tunaona imeanza pale pesa ya spea inapotoka mfukoni. Fundi naye ana familia. Kama riziki yake iko kwenye kufungua na kufunga, na pengine kwenye cha juu kidogo cha dukani, kwa nini apoteze nusu saa kutafuta jambo ambalo akilipata halitamlipa? Mpaka kupima kuwe kazi yenye bei yake, magari yataendelea kutibiwa kwa kubuni.

Kanda ya Ziwa imewahi kupita njia hii katika jambo zito zaidi. Kwa miaka mingi homa iliyofika zahanati iliandikiwa dawa ya malaria, kwa sababu malaria ilikuwa nyingi na kubahatisha kulionekana kuwa busara. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likaelekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, na vipimo vya haraka vya tone la damu vikafika hadi zahanati za vijijini. Ikadhihirika kuwa wengi waliokuwa wakimeza dawa ile walikuwa na ugonjwa mwingine kabisa, na dawa, hata ilipokuwa nzuri, iliwachelewesha kupata tiba yao. Geita bado ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, lakini hakuna mganga anayesema kwamba wingi wa malaria umeondoa haja ya kupima. Beringi nayo ni ugonjwa wa kawaida wa magari yetu, na ukawaida huo ndio mtego. Kinachokosewa mara nyingi ni kile tunachokitarajia kila siku.

Mlio una maneno yake

Zana ya kwanza ya kupimia tunayo tayari, nayo haiuzwi dukani. Kiswahili hakikutosheka na neno moja la kelele. Kina mvumo, mngurumo, mkwaruzo, mtatariko, kishindo. Na kinapotaka kuwa sahihi zaidi kinaiga sauti yenyewe: tak-tak, ko-ko, kwii. Kila neno kati ya hayo linaelekeza mahali tofauti chini ya gari. Dereva anayesema "gari linalia" hajasema kitu. Anayesema "linavuma kuanzia spidi 60, na nikikata kushoto linatulia" amefanya nusu ya kazi ya fundi kabla jeki haijashushwa.

Tuanze na mvumo, kwa kuwa ndio unaohukumiwa haraka kuliko mingine. Beringi ya tairi ni pete mbili za chuma kigumu, moja ndani ya nyingine, zenye gololi katikati yake, grisi ya kulainisha na sili za raba za kuzuia maji na vumbi. Njia ya gololi ikipata kijishimo, hata kisichoonekana kwa jicho, kila gololi inayopita hugonga, na mapigo hayo yakifika makumi kwa sekunde, sikio huyapokea kama mvumo mmoja mzito unaopanda na spidi. Lakini tairi lililolika kwa mawimbi mawimbi huvuma vivyo hivyo, na kwa dereva aliyefunga vioo milio hiyo ni mapacha. Hutenganishwa kwa maswali. Je, mvumo unageuka gari linapotoka kwenye lami chakavu na kuingia kwenye lami mpya? Tairi hubadili sauti kwa kufuata uso wa barabara. Beringi haijali sana kinachokanyagwa. Je, unageuka gari linapoyumbishwa kidogo katika spidi ileile, kwenye barabara isiyo na magari? Ukikata kulia uzito huhamia kushoto, na mara nyingi beringi mbovu ya kushoto hupaza sauti. Ukikata kushoto hupumua. Je, mvumo unahamia nyuma pale tairi za mbele na za nyuma zinapobadilishana nafasi? Ukihama, mkosaji ni tairi, na pesa ya beringi imebaki mfukoni.

Tak-tak-tak inayosikika usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho, huku gari likivuta, ni habari nyingine. Hiyo hutoka kwenye jointi ya nje ya shafti, kwenye magari yanayovutwa na miguu ya mbele kama IST na Probox. Ndani ya jointi hiyo gololi hutembea kwenye mifereji, zikilindwa na buti la raba lililojaa grisi. Buti likichanika, mzunguko huitapika grisi nje, mchanga ukaingia, na mifereji ikasagika. Anayechungulia akakuta grisi nyeusi imetapakaa upande wa ndani wa rimu hahitaji kubahatisha. Na hapa pana somo la pesa: buti lililochanika wiki hii ni gharama ya raba na grisi; likiachwa msimu mzima wa vumbi, ni gharama ya jointi.

Ko-ko inayotokea gari linapopanda tuta au kupita kwenye makorongo ya barabara ya changarawe, kisha ikanyamaza kwenye lami tambarare, huwa haina uhusiano na beringi. Hutoka kwenye kile mafundi wanachokiita miguu: stabilaiza linki, bushi za wishboni, bolijointi, au mahali shokapu inaposhikwa juu. Kwii nyembamba huelekeza kwenye breki. Pedi nyingi zimewekewa kibati kinachoanza kukwaruza diski pale zinapokaribia kwisha. Mtengenezaji alikiweka makusudi kiwe kengele, na kengele ikigeuka mkwaruzo mzito wa chuma kwa chuma, muda wa onyo umekwisha na diski ndiyo inayoliwa. Upo pia mkwaruzo mkali unaozaliwa ghafla baada ya kupita kwenye kokoto. Huo mara nyingi ni jiwe dogo lililonasa kati ya diski na bati la kuikinga. Huondoka kwa kurudisha gari nyuma taratibu, au kwa kulisogeza bati kidogo na bisibisi. Jiwe la ukubwa wa punje ya hindi linaweza kumuuzia mtu beringi nzima likikutana na fundi mwenye haraka.

Na kabla ya yote hayo ziangaliwe nati za tairi. Mlio wa kugonga unaoanza muda mfupi baada ya tairi kubadilishwa usitafutiwe sababu nyingine kabla nati hazijashikwa kwa spana. Kwenye Toyota nyingi ndogo nati hizo hukazwa kwa nguvu ya Nyutoni-mita 103, ambayo ni msukumo wa kilo 20 hivi kwenye mwisho wa spana yenye urefu wa nusu mita. Kumrusha mtu mzima juu ya spana ni kuvuta boliti hadi zichoke. Kukaza kwa vidole ni kuomba tairi litangulie gari. Baada ya kilomita 50 hadi 100 zikaguliwe tena. Ukaguzi huu hauhitaji fundi, na ndio unaosahaulika kuliko wote.

Jeki, jiwe na mikono miwili

Wapo watakaosema kwamba kupima ni mambo ya gereji kubwa za Dar es Salaam zenye kompyuta, na kwamba fundi wa chini ya mwembe pale Masumbwe au Isaka ana spana na nyundo tu. Pingamizi hili linaeleza umaskini wa vifaa kwa haki, lakini halihusu mguu wa mbele. Kompyuta ya kusoma hitilafu haioni bolijointi iliyolegea wala bushi iliyopasuka. Vinavyotakiwa ni jeki, stendi imara, mawe ya kuzuia magurudumu na mikono miwili. Gari husimama mahali tambarare, magurudumu ya nyuma yakazuiwa, mguu mmoja ukainuliwa na uzito ukakalia stendi, si jeki peke yake. Fundi hushika tairi juu na chini akalitikisa. Likicheza, msaidizi hukanyaga breki na tairi likatikiswa tena. Breki huishika habu isisogee kwenye beringi yake, kwa hiyo mchezo ukitoweka, beringi ndiyo iliyolegea. Ukibaki, itafutwe bolijointi. Kisha tairi hushikwa kushoto na kulia. Mchezo wa upande huo peke yake huelekeza kwenye tairodi.

Kipimo cha mwisho ndicho kizuri kuliko vyote, kwa sababu beringi nyingi huvuma muda mrefu kabla hazijaanza kucheza. Mkono mmoja huwekwa juu ya springi ya shokapu, wa pili ukazungusha tairi. Beringi nzima huzunguka kimya. Mbovu hutuma mtetemo kama wa mchanga kupitia springi hadi kwenye vidole, hata pale sikio lisipopata kitu. Kisha kazi hiyo hiyo hufanywa upande wa pili, kwa sababu mguu mzima ndio kipimo cha kuulinganishia ule unaoshukiwa. Hakuna hatua hata moja kati ya hizi inayohitaji umeme.

Fundi mkongwe anaweza kupinga kwa sababu iliyo bora zaidi: sikio lake limezoea, amesikia beringi mia, na haoni haja ya sherehe yote hii. Uzoefu huo ni hazina, na vijana wanaojifunza chini yake wanaurithi kila siku. Lakini uzoefu humwambia mtu kile kinachotokea mara nyingi. Gari lililo mbele yake linaweza kuwa lile lisilo la mara nyingi. Isitoshe, sikio hudanganywa na chuma. Mwili wa gari ni ngoma: mlio wa kushoto hutokea ukasikika kulia, na beringi ya nyuma ikasikika kama ya mbele, kwa sababu sauti husafiri kwenye chasisi kabla ya kumfikia aliyekaa kwenye kiti. Sikio la fundi mkongwe hutoa dhana nzuri kuliko ya mwanafunzi wake, na dhana nzuri hustahili kuthibitishwa kwa nusu saa kabla ya mtu kutoa pesa.

Swali la pili: kimekufa kwa nini?

Kupima kuna hatua ambayo gereji nyingi huiruka hata zinapopata kiungo sahihi, nayo ni kuuliza kilichokiua. Mwanzoni mwa karne iliyopita, katika kiwanda cha nguo mjini Gothenburg, Sweden, beringi za mihimili iliyoendesha mashine zilikuwa zikifa mara kwa mara na kusimamisha kazi. Sven Wingquist, mhandisi aliyesimamia mashine hizo, angeweza kuendelea kuagiza nyingine. Badala yake alitafuta chanzo, akakikuta chini ya sakafu: kiwanda kilisimama juu ya udongo wa mfinyanzi, udongo ulikuwa ukisogea, na mihimili ilikuwa ikitoka kwenye mstari wake. Akabuni beringi inayojipanga yenyewe mhimili unapokwenda upande, na mwaka 1907 ikaanzishwa kampuni ya SKF, jina ambalo kila muuza beringi analijua. Beringi zile hazikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye ardhi iliyozibeba, na asiyeuliza angezibadilisha mpaka kustaafu.

Udongo wa mfinyanzi hapa hatuukosi. Wasukuma wanaijua ardhi nyeusi ya mbuga kwa tabia zake mbili: masika inanata kama gundi, kiangazi inapasuka nyufa. Tope lake hujaa ndani ya rimu na kukaukia upande mmoja, tairi likapoteza mizani, usukani ukatetemeka kwenye mwendo wa kasi. Fundi asiyechungulia rimu atafungua miguu yote ya gari kutafuta ugonjwa unaotibiwa kwa maji na kijiti. Kiangazi nacho huleta vumbi la barabara za machimbo, na miamba yenye dhahabu ya ukanda huu ina kwatzi kwa wingi, madini magumu kuliko chuma cha kawaida. Chembe hizo zikipenya sili iliyochakaa, grisi hugeuka kuwa msasa, na beringi hujisaga kwa mwendo wake yenyewe. Hapo kubadilisha beringi bila kukagua kilichoifungulia vumbi njia ni kuandaa nyingine ife vilevile.

Muuaji mwingine anakaa ndani ya gereji, naye ni nyundo. Beringi mpya inapoingizwa kwenye nyumba yake, nguvu inapaswa kupita kwenye pete ileile inayobana, na chombo chake ni presi. Ikigongwa kwenye pete isiyohusika, kila pigo hupita katikati ya gololi na kuacha vijishimo kwenye njia yake. Beringi inakuwa imejeruhiwa kabla gari halijatembea mita moja. Mteja akirudi baada ya wiki mbili na mvumo uleule, lawama hutupiwa spea feki. Spea feki zipo na zinaumiza, lakini beringi halisi iliyogongwa vibaya hufa kifo kilekile, na bila kuuliza hatutajua ni ipi kati ya hizo mbili tuliyoifunga. Kwenye magari ya kisasa zaidi liko jambo la ziada: beringi nyingi zina utepe wa sumaku upande mmoja, unaosomwa na kihisi cha breki za ABS. Ikifungwa nyuma mbele, mvumo utakwisha na taa ya ABS itawaka, na mteja ataanza safari mpya ya badilisha tujue.

Ugonjwa mmoja pia hauna dawa moja. Beringi ya IST hufungwa ikiwa imekamilika kiwandani, na ikianza kuvuma hakuna cha kukaza, ni kubadilisha. Land Cruiser za haditopu zinazobeba watu na mizigo kwenda machimboni zina beringi za rola za mshazari kwenye miguu ya mbele, ambazo huweza kufunguliwa, kuoshwa, kupakwa grisi mpya na kukazwa upya. Anayezitupa kwa sababu tairi limecheza kidogo huenda ametupa beringi nzima. Yule anayekimbilia mtumba naye aangalie anachonunua. Beringi iliyong'olewa kwenye habu yake kwa kawaida imevutwa kupitia gololi, kwa hiyo imepata jeraha lilelile la nyundo. Mguu mzima wa mtumba, ambao beringi yake haijawahi kung'olewa, ni jambo jingine, na unaweza kupimwa kwa mkono kabla ya kulipiwa. Tofauti hizi ndizo ujuzi ambao mteja anapaswa kuununua, na ndizo zinazopotea pale anaponunua chuma peke yake.

Nusu saa ina bei yake

Pingamizi lenye uzito kuliko yote linatoka kwa dereva wa hesabu. Kila jioni tajiri wa gari anasubiri kiasi alichopangiwa, na siku ya gereji haisamehewi. Kwa dereva huyo kulipia upimaji ni kukatwa mara mbili, pesa na muda, kwa hiyo hupandisha sauti ya redio na kuendelea na safari. Namwelewa, lakini mficha maradhi, kilio humfichua. Mvumo wa beringi hauponi wenyewe. Ukiachwa, huja joto, huja mchezo, na mwisho wake tairi linaweza kujifunga au kuchomoka; bolijointi ikiachia, tairi hulala chini ya gari, na usukani hauna tena cha kuongoza. Mambo haya yakitokea kati ya Tinde na Isaka, katikati ya malori yanayokwenda Rwanda na Burundi, hesabu ya siku moja haitakuwa mada. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza gari bovu kutembea barabarani, lakini sheria humkuta dereva, na tajiri yuko nyumbani. Ndiyo maana mzigo huu naupeleka kwa mwenye gari. Anayedai hesabu kamili siku ambayo gari lake linapimwa ananunua ajali yake mwenyewe kwa mkopo.

Wengine watasema tunahangaika na matawi wakati shina ni barabara. Kweli, korongo huua shokapu na vumbi huua beringi, na wananchi wana haki ya kuzidai TANROADS na TARURA barabara bora. Hata hivyo lami haipunguzi haja ya kupima, inaiongeza. Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilipozinduliwa Juni 2025, safari ya Mwanza na Geita ilifunguka bila kusubiri kivuko. Kivuko kilikuwa kero, lakini kilimsimamisha dereva, akazima injini, akashuka na kulizunguka gari lake. Leo gari hilo linapita bila kusimama, na kwa kasi kubwa zaidi. Mguu uliokuwa ukigonga kwa mwendo wa kilomita 30 kwenye vumbi sasa unabeba abiria kwa 80. Barabara nzuri husamehe gari zima. Bovu huliongezea kasi ya kuanguka.

Kwa hiyo napendekeza mambo madogo yanayowezekana kesho asubuhi. Gereji iandike ukutani bei ya kupima mguu wa mbele, kama zahanati inavyoandika bei ya kipimo, na ikubali kuikata kwenye gharama ya matengenezo pale mteja anapotengenezea hapohapo. Fundi awe na daftari: dalili alizoeleza dereva, vipimo vilivyofanyika, kilichoonekana, kilichobadilishwa. Spea iliyotolewa akabidhiwe mwenye gari, aizungushe kwa kidole mwenyewe na kuisikia. Kwenye migodi mikubwa dereva haliwashi gari bila kulizunguka na kujaza fomu ya ukaguzi, na karatasi ile haina teknolojia yoyote ambayo gereji ya Katoro haiwezi kuwa nayo. VETA, ambayo tayari inawatambua rasmi mafundi waliojifunzia kazini kupitia mpango wa urasimishaji ujuzi, ipime uwezo wa fundi kutafuta ugonjwa kwa uzito uleule inaompimia uwezo wa kufungua na kufunga. Na askari wa usalama barabarani wanaokagua magari kabla ya kuyabandika stika ya Nenda kwa Usalama wainue mguu mmoja na kuuzungusha, maana taa na honi pekee hazisemi lolote kuhusu kilicho nyuma ya rimu.

Limebaki pingamizi moja ambalo watu hawalitamki, nalo ndilo linalofunga mifuko. Itakuwaje nikilipa, fundi akapima, na akaniambia beringi ni nzima? Wengi wataona wametapeliwa, kwa kuwa wametoa pesa na hawakurudi na kitu mkononi. Turudi chini ya ardhi. Mchimbaji aliyegonga dari na kusikia mlio wa kengele hasemi kwamba mtaimbo umemchosha bure. Amepata alichokitafuta, yaani ruhusa ya kuingia. Fundi anayesema beringi ni nzima amekuzuia kununua usichokihitaji, na amemwondoa mshtakiwa mmoja ili wa kweli aonekane. Hiyo ni kazi iliyokamilika, na mteja wa kwanza atakayefika gereji akasema "fundi, pima kwanza, nusu saa yako nitailipa" atakuwa ameifungulia njia.